Marashi ya Waridi kwenye Prosesa

Kwetu sisi kitu kizuri ni kitu kilichokaa. Nimekulia dukani, nyuma ya chupa za mafuta ya udi, na kabla sijajua kusoma nilishajua kwamba udi wa mwaka huu ni harufu tu, na udi uliosahauliwa kabatini ndio udi. Marehemu baba akiletewa mzigo mpya aliufungia, akajifanya hajauona. Sasa duka ni langu, mimi Yousuf bin Alawi, hapa hapa Bagamoyo, na elimu yangu yote ni hiyo moja. Basi nilipowekewa mbele yangu pesti mbili za kompyuta, moja mpya na moja kuukuu, nilichagua kuukuu. Tena nilimwonea huruma aliyejaribu kunizuia.

Asiyejua pesti ni nini asione haya, hata mimi sikujua. Nitaeleza nikifika huko.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya dukani. Ni ya mtindo wa zamani, boksi lake kubwa linakaa chini na kioo kinakaa juu ya meza. Niliinunua iniwekee kumbukumbu za bidhaa, ikaishia kunisomea kasida asubuhi na kunichezesha karata mchana. Sikuwahi kuifungua wala kuipangusa. Nadhani ndani yake mlikuwa na vumbi la udi la kutosha kufukiza msikiti mzima.

Ikaja harusi ya Hanadi.

Hanadi ni binti wa marehemu kaka yangu. Mama yake alifariki mtoto hajaacha ziwa, baba yake naye hakukawia, na aliyemlea ni mama yangu mzazi, Bi Shaikha. Alimlea kwa mikono yake na kwa ukali wake, ambao haukumtisha mtu ila mimi. Kisha miguu ya mama ikakataa. Dada yangu akamchukua Maskati akatibiwe, na huko madaktari wakamkataza kupanda ndege tena. Akabaki. Hanadi akaachiwa chumba, kiti cha bibi yake chenye mikono, na doti moja ya leso iliyosahauliwa kwenye kamba.

Ilipokuja posa ya Nasser, kijana wa Pangani, Hanadi aliniita pembeni. Baba yake hayupo, kwa hiyo mimi, ami yake, ndiye wa kumwozesha, na mimi ndiye wa kumwendea chumbani siku ya ndoa kumwuliza mbele ya mashahidi kama ameridhia.

"Ami, Nasser nimemridhia," akasema. "Lakini siku hiyo ya kuniuliza, sijibu mpaka Bibi awemo chumbani. Anione, nimwone, anisikie."

"Na asipokuwemo?"

"Nitanyamaza. Wala msije mkasema kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake. Nakwambia mapema, Ami, kimya changu mimi si ridhaa. Bibi asipokuwemo hakuna ndoa."

Mtoto kasoma madrasa vizuri. Kwetu bi harusi akiulizwa akainamisha kichwa bila neno, watu husema kaona haya, kakubali, na shughuli inaendelea. Huo ndio mlango ambao ningeutorokea, naye aliufunga kabla mimi sijauona.

Nikamwambia simu si zipo, tutampigia bibi yako kwa picha. Akanitazama.

"Bibi yangu hakai kiganjani mwa mtu kama kipande cha sabuni. Nataka akae kitini pake, wageni waje wamwamkie."

Tukaafikiana hivi: kioo cha kompyuta ya dukani, chenye kamera na maikrofoni yake, kiwekwe juu ya kiti cha mama, kizungushiwe leso yake, na huko Maskati dada amkalishe mama mbele ya ile runinga yao kubwa ya ukutani. Nikasema, "Niachie mimi." Neno hilo likinitoka kinywani, mke wangu Ashura huanza kutafuta namba ya fundi.

Nami nilikuwa na langu moyoni, nalisema. Mama akipiga simu huuliza habari za Hanadi, za duka, za paka, za jirani aliyegombana naye, kisha husema, "Na wewe hujambo?" huku ameshaanza kumrudishia dada simu. Mimi ndiye mwanawe wa kiume aliyebaki, na sijawahi kumfanyia jambo akalisifu. Nilitaka aingie kwenye ile harusi kwa mkono wangu. Na zaidi ya hilo, nilikuwa nimemkumbuka mama yangu.

Tulipojaribu mara ya kwanza, mama akatokea kiooni, nikamwambia shikamoo, akasema "Mara—", na kompyuta ikazima. Nikaiwasha. Ikakubali kidogo, boksi likawa la moto kama chungu, ikazima tena.

Fundi wetu ni Oswaldi, ana duka lake karibu na stendi. Lakini Oswaldi alikuwa Ubena, amefiwa na mjomba wake. Nikampigia huko huko msibani, nikampa pole, kisha nikamweleza shida yangu kwa kirefu kuliko pole.

"Inazima kwa joto, Mzee Yousuf," akasema. "Prosesa ndiyo ubongo wake, na juu ya prosesa pana chuma chenye mapezi kinachoipoza. Sasa vyuma viwili, hata ving'ae vipi, havigusani sawasawa. Hubaki vijishimo vya hewa katikati. Pesti ndiyo inayojaza vile vijishimo ili joto lipite. Ya kwako imekauka."

Nikamwelewa mara moja. Vyuma ni wakwe, pesti ni mshenga.

"Nenda dukani, Tekla akupe mpya," akaendelea. "Pangusa ile ya zamani kwa spiriti mpaka chuma king'ae, tia kidogo katikati, kama punje ya mchele, funga. Ukiona taabu usiguse, nitafute fundi mwingine nikuelekeze kwake."

"Fundi mwingine wa nini?" nikasema. Nimepima mafuta ya udi maisha yangu yote kwa kijiti chembamba kuliko ulimi wa mjusi. Nishindwe na punje ya mchele?

Tekla ni mke wa Oswaldi. Yeye hutoa kopi na kuchapa mitihani ya shule, na habari za ndani ya kompyuta huwa hajitii.

"Shikamoo, Mzee Yousuf."

"Marahaba, mama. Nimekuja kuchagua pesti."

"Hakuna kuchagua, mzee, ipo hii." Akanipa bomba dogo jeupe ndani ya pakiti, halijafunguliwa. Nikalifungua pale pale. Nikalinusa. Halikuwa na harufu yoyote. Nikatia tone mgongoni mwa mkono, nikalisugua, nikangoja damu ilipashe moto kama tunavyofanya na udi, nikanusa tena.

"Mzee, hiyo hainuswi."

"Kila kitu kinanuswa, mama. Hii ni mbichi. Huna iliyokaa?"

Akacheka, akadhani nafanya mzaha. Alipoona sicheki, akavuta saraka na kuchakura chini ya nyaya, akatoka na bomba lingine, la kijivu, limejikunja, mdomo wake umeganda ukoko.

"Hii tuliikuta humu tulipohamia. Oswaldi kila siku anasema niitupe."

Kuikuta humu! Hata umri wake haujulikani! Nikaishika kwa vidole viwili, nikaona rangi ilivyoiva, nikakumbuka marehemu baba na kabati lake.

"Oswaldi ni fundi mzuri," nikasema, "ila hiki hakukijua thamani yake."

"Mzee, chukua na mpya, basi. Isije ikakuharibikia kesho watu wamejaa."

"Wauzieni wanafunzi," nikasema, nikaondoka na hazina yangu. Njiani nilitembea taratibu nisiitikise.

Ilikuwa Alhamisi mchana, na ndoa ni Ijumaa baada ya alasiri. Nikaliweka boksi juu ya meza ya chumbani, nikafungua, nikatoa vumbi, nikang'oa kile chuma chenye mapezi, nikapangusa kwa pamba na spiriti mpaka nikauona uso wangu. Mpaka hapo hakuna wa kunilaumu. Kisha nikaminya bomba. Halikutoka kitu. Nikaminya kwa mikono miwili, kwa goti, kwa bawaba ya mlango. Mwisho nikalipasua kwa wembe, na ndani nikakuta vibonge vikavu vya kijivu, kama udongo wa kichuguu.

Mwenye akili angerudi kwa Tekla. Mimi nilicheka. Liwa ya kujipaka ikikauka hutupwa? Kila nyumba ya kwetu inajua dawa yake. Nikachukua kile kijiwe ambacho mama alikuwa akisagia liwa ya maharusi, nikavisaga vile vibonge, nikavinyunyizia marashi ya waridi kutoka kwenye mrashi, tone kwa tone, mpaka vikarudi kuwa uji mzito unaometa. Nikaunusa. Sasa ulikuwa na harufu ya kitu cha maana.

Ashura akachungulia. "Unampaka nani liwa?"

"Prosesa."

"Inaolewa lini?" akauliza, akaenda zake jikoni.

Ikabaki ile habari ya punje ya mchele. Hapo niseme kweli, Oswaldi alinikera. Mgeni wetu hapewi punje. Ukimpakulia mtu punje katika nyumba hii, habari itafika Kaole kabla hajamaliza kunawa. Nikampakulia prosesa yote, nikaisambaza kwa kijiko cha liwa, nikaikandamiza na chuma, ikafurika pembeni pande zote, nikapangusa kwa kidole. Kama haikupiga shoti, ni Mungu tu aliyetustahi kwa ajili ya yule yatima.

Nikawasha. Ikawaka! Tukapiga Maskati. Mama akatokea, mkubwa, mweupe, ana miwani, akasema marahaba nzima mpaka mwisho wake. Harufu ya waridi ikajaa chumbani.

"Yousuf, hii umetengeneza wewe?" mama akauliza.

"Mimi, Mama."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

"Mashallah," akasema.

Basi, nikavishwa kilemba cha ukoka, nami nikakishika kwa mikono miwili kisianguke. Nikatoka uani nikawaeleza wanawake waliokuja kutoka Mlingotini kusaidia kuchambua mchele kwamba siku hizi mafundi hawana subira. Nikampigia Oswaldi, msibani, kumfundisha. Nilimwambia pesti ikikauka isitupwe, kuna namna yake, atakaporudi nitamwonyesha. Akasema tu, "Haya, mzee." Nikadhani ameona aibu.

Ijumaa niliiwasha tangu asubuhi. Hapakuwa na haja, saa ya ndoa ilikuwa bado mbali, lakini mimi nilitaka kila anayeingia aone. Kioo kikakaa kitini, kimevikwa leso, mama ndani yake, na wanawake wakawa wanaingia mmoja mmoja, wanavua viatu, wanamwamkia kiti. Mama aliwauliza mpaka habari za waliokufa. Alimwambia Ashura pilau limezidi bizari, kwa kuona tu. Kila boksi lilipopata moto, harufu ya waridi iliongezeka, wanawake wakawa wanasema mashallah, marashi gani haya, nami nilikuwa napita pita mlangoni nisikie wanavyosema. Kumbe pale maji yote ya pesti ndiyo yalikuwa yanatoka, na mimi nachekelea.

Alasiri nikavaa kanzu na joho, nikapiga kilemba, nikaenda msikitini. Bwana harusi alikuwa ameshakaa, jasho linamtoka. Sheikh Mbaruku akaniambia, "Nenda kachukue idhini, urudi tuozeshe." Nikatoka na mashahidi wawili, tukatembea hadi nyumbani, mimi mbele, joho linapepea, nikijua kila mtu barazani ananitazama.

Ashura alikuwa ananingoja mlangoni. Alipoona joho, nilimwona akimeza alichotaka kusema kwanza.

"Imezima," akasema. "Toka mlipoondoka. Tumeiwasha, inazima."

Mashahidi wakasimama nyuma ya pazia. Mimi nikaingia. Chumba kilikuwa kimejaa, joto la watu na la chetezo cha udi, na kule kitini kioo kilikuwa cheusi, leso imekizunguka. Hanadi alikuwa amekaa kitandani, shela usoni, mikono yenye hina juu ya mapaja.

Nikabonyeza. Ikawaka. Likatokea paji la uso la mama, zikatokea nyusi, ikazima. Nikabonyeza tena, hata nyusi hazikutokea. Harufu ya waridi ilikuwa imekwisha. Sasa ilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa msikitini, wanauliza kama tumepotea njia.

Bi Sihaba, shangazi wa bwana harusi, akasafisha koo. "Yousuf, muulize tu mtoto. Bibi yake ataelezwa baadaye."

Na mimi, la haula, nikakubali. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikapiga goti mbele ya binti wa kaka yangu nikasema, "Hanadi mwanangu, umeridhia nikuozeshe kwa Nasser?"

Kimya.

"Kanyamaza," akasema Bi Sihaba. "Basi ndiyo hiyo."

"Siyo hiyo, shangazi," Hanadi akasema ndani ya shela, pole pole. "Ami anajua."

Nilijua. Na nikajichukia. Si kwa ajili ya wageni, wala si kwa ajili ya Sheikh. Yatima aliomba kitu kimoja tu, na mimi nilikifanya mchezo wa kujionyesha.

Tekla alikuwa amekaa karibu na dirisha, na kitenge chake kizuri. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio uliouma.

"Mzee, ulitia ile ya zamani?"

"Nilitia."

"Si ilikuwa imekauka?"

"Niliilainisha."

"Kwa kitu gani, mzee?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama. Kilemba kilikuwa kimenishuka kwenye jicho moja.

"Kwa marashi ya waridi," nikasema.

Alianza Ashura. Alijaribu kujizuia kwa mtandio, ukamshinda. Wakafuata wa Mlingotini, akafuata Bi Sihaba, na nyuma ya pazia nikamsikia shahidi mmoja anapaliwa. Shela la Hanadi nalo likawa linatikisika. Nilisimama pale na joho langu nikachekwa mpaka wakatosheka. Sikuwa na pa kukimbilia, na kusema kweli ile hofu chumbani ilipungua.

"Mzee, kupaka upya hatuna muda, fungueni ubavu wa boksi," Tekla akasema alipopata pumzi. "Ikipata upepo huenda ikashika kidogo. Ndivyo tunavyofanya dukani umeme ukiwa mdogo."

Nikafungua. Tukaleta feni ya kusimama, tukaielekeza humo ndani, nikawasha. Mama akatokea. Lakini akawa anatikisa kichwa, ameweka mkono sikioni.

"Huko kuna tufani?" akapiga kelele. "Hanadi! Sisikii kitu, nasikia tufani tu!"

Feni ilikuwa inaunguruma kwenye maikrofoni. Tukaizima, na punde kompyuta nayo ikazima. Hapo Ashura akakimbilia jikoni, akarudi na kile kipepeo cha ukili cha kupulizia mkaa, kimeungua ncha.

Nikavua joho. Nikapiga magoti chini, nikainamia boksi, nikaanza kupepea. Boksi lilikuwa linanipulizia joto usoni, majivu ya kipepeo yanaangukia kanzu nyeupe. Ashura akabonyeza. Ikawaka. Nikapepea. Zikatokea nyusi, ikatokea miwani, ikatokea sura nzima. Nikaendelea kupepea. Haikuzima.

"Asalaam aleikum," mama akasema. "Mbona mlinifukuza?"

Chumba kizima kikamwitikia. Hanadi akainua shela lake mwenyewe, bila kungoja mtu, akakitazama kile kiti. Mimi nilikuwa chini, sikuweza kuona kioo kwa sababu jasho lilikuwa limeniingia machoni. Nilimwona Hanadi tu, anavyomtazama bibi yake.

"Uliza, mume wangu," Ashura akanong'ona. "Uliza upesi."

Nikauliza kutoka kule chini, huku nahema, neno moja kwa kila pigo la kipepeo.

"Hanadi, binti wa kaka yangu, umeridhia nikuozeshe kwa Nasser?"

"Nani huyo anauliza?" mama akasema. "Sauti ya Yousuf. Mbona inatoka uvunguni?"

"Yuko chini, Bibi," Hanadi akasema. "Anakupepea."

Hanadi akanyamaza, na safari hii hakuna aliyethubutu kusema kimya ni nini. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya pazia, "Nimeridhia, Bibi. Ami, nimeridhia."

Vigelegele vikapasuka. Huko Maskati mama alikuwa analia, Ashura aliniambia baadaye, akiivua miwani na kuivaa tena na kuivua. Mashahidi wakagonga ukuta, tayari, twende. Nikaendelea kupepea.

"Nipe mimi," Ashura akasema, akanyoosha mkono.

Nikamkatalia kwa kichwa.

"Yousuf, watu wanangoja."

Najua walikuwa wanangoja. Lakini katika harusi ile nzima nilikuwa nimepata jambo moja la kulifanya sawasawa, na mama alikuwa karibu nami, juu ya kichwa changu, karibu kuliko alivyokuwa tangu alipoondoka. Sikutaka kumpa mtu kile kipepeo, hata mke wangu.

"Yousuf," mama akaita.

"Labeka, Mama."

"Inuka nikuone."

"Siwezi, Mama. Nikiacha kupepea utaondoka."

Vigelegele vikakatika.

"Nitaondoka tu, mwanangu," akasema. "Miguu hii hainirudishi huko. Nimeingia, nimekaa kitini pangu, nimemsikia mtoto wangu. Umefanya vizuri. Sasa inuka ukaozeshe."

Sikuinuka. Sikuweza kuinuka. Nikaona miguu yenye hina imesimama mbele yangu, na bi harusi, ambaye siku ile hapaswi hata kujichotea maji, akachuchumaa na nguo zake zote za dhahabu, akakishika kipepeo juu ya mkono wangu, akapepea pamoja nami mpaka nikakiachia.

"Nenda, Ami," akasema. "Bibi yuko na mimi."

Nikainuka. Nikapita mbele ya kiti, mama akaniona, na majivu yangu na kilemba changu. Nikatoka mbio, joho nimelisahau.

Msikitini Sheikh Mbaruku akatuketisha mimi na Nasser magoti kwa magoti, akaniambia nimpe bwana harusi mkono wa kulia. Nikampa. Mkono ulikuwa bado unapepea. Nasser akaushika, ukaenda naye kulia, ukarudi naye kushoto, akaushika kwa mikono miwili na bado haukutulia. Sheikh akanisogelea sikioni, akaniuliza nina nini, kama ninaumwa aahirishe kidogo.

"Soma upesi, Sheikh," nikamwambia. "Mama bado yupo nyumbani."